Kamba ya Kuanikia

Asubuhi ya kwanza waliamka wote wawili wamelowa. Shangazi ndiye aliyegundua mapema, kwa kuwa ubaridi ulikuwa umempanda kutoka kiunoni hadi mgongoni, na akiwa bado nusu usingizini alidhani dari limevuja. Kisha akakumbuka kwamba kitandani hakuwa peke yake. Mtoto alikuwa amejikunyata ukutani, macho wazi, pumzi ameizuia. Ilionekana yuko hivyo kwa muda mrefu, akingoja kugombezwa.

"Kumbe siku hizi watu wanaoga kabla hawajaamka," shangazi alisema. "Mimi nimechelewa kuambiwa."

Mtoto hakucheka. Alimtazama kwa wasiwasi, maana hakujua afanye nini na maneno ambayo hayakuwa karipio. Walipokuwa wakilivua shuka, huyu pembe hii na yule pembe ile, aliuliza kwa sauti ndogo kama na shangazi atabadilisha nguo. Shangazi akamjibu kwamba atabadilisha nguo, na kama ingewezekana angebadilisha na ngozi. Hapo ndipo mtoto alipocheka, akaziba mdomo upesi kwa mkono.

Shangazi alikuwa fundi wa kurekebisha nguo. Hakushona nguo mpya. Alipunguza, aliongeza, alishusha mapindo na kuyapandisha, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Pindo, hata wengine hawakujua kama ana jina jingine. Watu walimletea suruali zilizokataa kufungwa na magauni waliyorithi kwa dada zao. Alijua nani amenenepa kwa raha na nani amekonda kwa mawazo, na siri hizo alizikalia kimya. Walipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, wakapimwa, wakalipa, wakashuka. Hakuna aliyekaa mpaka chai ikapoa.

Kwa miaka mingi aliwasha redio asubuhi ili tu ndani ya nyumba pawe na mtu anayesema, habari zenyewe hakuzisikiliza. Alipikia sufuria ndogo, akala akiwa amesimama jikoni, na mara nyingine alijikuta akiiuliza cherehani kama uzi umekwisha. Hakuwa mtu wa kulialia. Upweke alikuwa ameuzoea jinsi mtu anavyozoea kiatu kinachobana, akatembea nao tu.

Mtoto huyu alikuwa wa mdogo wake wa kiume, dereva wa gari la mikate. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la kwanza, na tangu msiba ule kitanda chake hakikukauka. Sasa alikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa ameoa tena, na wifi huyo mpya hakuwa mtu mbaya. Shangazi alijaribu kumwona mbaya akashindwa. Alikuwa amefua mashuka ya mtoto asiye wake akiwa na ujauzito, miguu imevimba, na alipojifungua akamwambia mumewe kwa upole kwamba hawezi tena, nepi za mmoja zinamtosha. Ndipo baba akamleta binti yake kwa dada yake, na begi moja, na kipande cha nailoni cha kutandika juu ya godoro.

Siku ile alisimama mlangoni akizungusha funguo za gari kidoleni. Hakutaka kukaa.

"Dada, nisaidie hili tu. Akiacha, namchukua."

Shangazi akamuuliza atajuaje, maana simu yake ilikuwa haipokelewi mara nyingi. Akacheka kidogo, akaonyesha roshani. Njia yake ya kila asubuhi ilipita chini ya jengo lile, na kamba ya kuanikia ilionekana vizuri kutoka barabarani. Akipita wiki nzima asione shuka, alisema, atapanda ngazi siku hiyohiyo. Mtoto alikuwa amesimama pembeni, begi mgongoni, na neno lile akalishika kama watoto wanavyoshika ahadi, yaani lote, bila kuacha kipande.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi shuka la maua ya zambarau lilining'inia kwenye kamba likichuruzika, na gari la mikate lilipofika usawa wa duka la viatu lilipunguza mwendo. Dereva aliinua shingo, akatazama, akapiga honi mara mbili, akaenda zake. Mtoto, aliyekuwa ndani akichanwa nywele, aliinua kidole kimoja kumnyamazisha shangazi mpaka honi ilipokwisha.

Shangazi alianza vibaya. Alimkataza maji tangu saa sita mchana, akaja kumfumania bafuni akinywa bombani kwa kiganja. Majirani nao walikuwa na dawa zao. Mmoja alishauri fimbo. Mwingine, aliyekuwa ameleta sketi ipandishwe pindo, alisema dawa ni kumfunga mtoto shuka lake shingoni azunguke nalo uani wenzake wamwone, mara moja tu atakoma. Shangazi alimshukuru kwa ushauri, akaikunja sketi yake vilevile ilivyokuja, akamwambia kazi zimemzidi, atafute fundi mwingine.

Aliyemsaidia ni muuguzi wa zahanati, mwanamke mwenye miwani na maneno machache. Aliuliza mambo ambayo shangazi hakuyatarajia: kama mtoto anapata choo kila siku, kama choo kiko mbali na kitanda, kama anaogopa giza. Mkojo ulipimwa, haukuwa na ugonjwa. Akasema mtoto anywe maji ya kutosha mchana na apunguze jioni, aende chooni kabla ya kulala, na asigombezwe wala kuchekwa na mtu yeyote.

"Hafanyi makusudi," alisema. "Mwili wake bado haujajua kumwamsha. Utajifunza, lakini kwa hofu haujifunzi kitu."

Choo kilikuwa mwisho wa ujia mrefu ambao balbu yake iliungua zamani, na mtoto alikiri, baada ya kubembelezwa sana, kwamba ujia ule humfanya avumilie mpaka asiweze tena. Shangazi alijiona mjinga. Alibadilisha balbu. Kisha akatoa kapu la mabaki ya vitambaa, vipande vya suruali za watu na magauni ya watu, akaviunganisha kimoja baada ya kingine mpaka akapata zulia jembamba refu, akalitandaza kutoka miguuni pa kitanda kidogo alichokuwa amemtafutia mtoto hadi mlango wa choo. Alimwambia hata macho yakiwa yamelala, miguu itajua njia. Mtoto alitembea juu yake kwenda na kurudi jioni nzima, akitaja kila kipande ni cha nguo ya nani.

Kulowa hakukuisha hapo hapo. Palikuwa na asubuhi za kavu, halafu za kulowa, halafu za kulowa zaidi, na mtoto akakata tamaa akasema labda yeye ameumbwa hivyo. Shangazi alimwambia ameshona miaka mingi na bado kuna siku anashona mkono wa kushoto upande wa kulia, na hajaacha kazi. Walibadilisha mashuka pamoja, wakazoea, hata wakawa wanaongea mambo mengine kabisa huku mikono ikifanya kazi.

Na nyumba nayo ilibadilika. Sufuria ndogo ilirudishwa kabatini. Mtoto alikaa chini ya meza ya kukatia akiokota pini kwa sumaku, akieleza habari za shule ambazo hazikuwa na kichwa wala miguu, na wateja wakaanza kukaa kidogo kabla ya kushuka ngazi, maana kulikuwa na kitu cha kucheka. Siku moja shangazi alipangusa redio vumbi akashangaa kwamba hakumbuki mara ya mwisho kuiwasha. Alifurahi, kisha furaha ile ikamtia hofu.

Hatimaye asubuhi moja mtoto alimwamsha kwa kumvuta mkono. Aliuvuta ule mkono mpaka kwenye shuka lake, akaupitisha huku na huku. Palikuwa pakavu. Kesho yake pakavu. Kesho kutwa vilevile. Wakati mwingine alienda chooni mwenyewe bila kumwamsha mtu, na shangazi, akiwa kitandani, alisikia nyayo zake zikienda na kurudi juu ya vitambaa. Mtoto alianza kutembea kifua mbele. Alihesabu siku kavu kwa vidole kuelekea wiki, na alipomaliza kiganja kimoja akaanza kupanga nguo zake.

Hapo ndipo mkono wa shangazi ulipofanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulikubali waziwazi. Mtoto alikuwa bafuni akijiandaa kwa shule. Shangazi alilivua shuka kavu kitandani, akalichovya kwenye beseni la maji, akalikamua kidogo, akalianika. Alijiambia kwamba bado ni mapema. Mtoto akirudishwa kwao sasa halafu akalowesha tena, atapata aibu maradufu. Ilikuwa sababu nzuri sana, na hakuiamini hata yeye. Gari la mikate likapita, likapunguza mwendo, likapiga honi. Shangazi alisimama nyuma ya pazia kama mwizi. Siku iliyofuata akarudia, na iliyofuata tena, na kila mara alilianika wakati mtoto hayupo karibu, akimchana nywele baadaye kwa mikono ya baridi.

Jioni moja mdogo wake alipiga simu. Mtoto alikuwa chini ya meza na sumaku yake.

"Bado tu, dada?"

"Bado," shangazi alisema. "Hajawa sawa."

Baba akasema basi, hakuna haraka, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Shangazi aliisikia ile sauti, lakini wakati ule alikuwa amezama katika uongo wake mwenyewe na hakuitilia maanani. Alipoiweka simu chini, mtoto alikuwa ametoka chini ya meza. Sumaku ilikuwa imejaa pini.

"Shangazi," aliuliza, "kumbe huwa nakojoa, halafu nikiamka nakuta pamekauka?"

Aliuliza kwa dhati kabisa. Alikuwa ameona shuka likichuruzika kwenye kamba alipotoka bafuni, alikuwa amesikia neno bado, na kati ya kuamini mwili wake na kumwamini shangazi yake, alikuwa amechagua kumwamini shangazi. Shangazi aliona haya. Kazi yote ya miezi, na yeye alikuwa karibu kuifumua kwa mkono wake mwenyewe.

"Hapana, mwanangu. Hujakojoa. Shuka nalilowesha mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba yako akija kukuchukua, nitabaki peke yangu."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote neno hilo, na sasa alimwambia mtoto wa darasa la tatu mwenye sumaku mkononi. Mtoto alifikiri kwa makini, kisha akamwambia asiwe na wasiwasi, atakuwa anakuja kila Jumamosi, na pini asiziokote yeye, amwekee. Usiku ule shangazi alilia kwa sauti ya chini, na kulipokucha hakulowesha shuka.

Kamba ikawa tupu. Walisimama roshani wote wawili, mtoto amevaa sare, viatu vimeng'arishwa. Gari la mikate likaja, likapunguza mwendo, dereva akainua shingo. Alitazama kamba kwa muda mrefu kuliko kawaida, hata gari lililokuwa nyuma yake likamlalamikia. Kisha akaondoka. Hakupiga honi, na mtoto akasema ni kwa mshangao.

Siku ya pili na ya tatu hali ilikuwa ileile. Kisha gari likaacha kupunguza mwendo, likawa linapita tu kama magari mengine, na dereva macho yake mbele. Begi la mtoto lilikuwa limefungwa, limewekwa mlangoni, na kila alipohitaji nguo alilifungua akalifunga tena. Wiki ikaisha. Shangazi alipiga simu mara kadhaa kabla haijapokelewa, akaondoka chumbani ili mtoto asisikie.

Mdogo wake alisema ameona, na amefurahi sana, Mungu ambariki. Ila kwa sasa mambo yamembana. Mtoto mchanga halali, wifi yake bado hajapata nguvu, chumba ni kimoja na sebule. Pengine likizo. Pengine wakihama. Alizungumza haraka haraka, na katikati ya maneno yake shangazi alikumbuka ile sauti ya kutuliwa mzigo, akaielewa.

Ni lazima isemwe kwamba jambo la kwanza alilolihisi ni furaha. Ilimjia bila kuombwa, ikamjaa kifuani: mtoto anabaki. Alirudi chumbani nayo. Akamkuta amekaa juu ya begi mlangoni, magoti pamoja, akiwa ameshasuka nywele zake mwenyewe vibaya ili asimcheleweshe baba. Ile furaha ikamfia palepale, na alijua haitarudi ikiwa safi tena.

Alimwambia baba amesema likizo. Mtoto akauliza kama ameona kamba. Shangazi angeweza kudanganya, na safari hii ungekuwa uongo wa huruma, lakini alikuwa amekwisha kuona uongo wake unavyofanya kazi. Akamwambia ndiyo, ameona. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Alifungua begi, akarudisha nguo rafuni moja moja, na hakuokota pini jioni ile.

Asubuhi shangazi aliamshwa na sauti ya maji. Kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu na hakina shuka. Aliweka kiganja juu ya godoro, akakisogeza huku na huku; palikuwa pakavu. Alifuata matone yaliyopita kutoka bafuni, yakavuka sebule, mpaka roshani.

Shuka la zambarau lilikuwa kwenye kamba. Lilikuwa limerushwa na mtu asiyeifikia kamba vizuri, upande mmoja mrefu unakaribia sakafu, kibanio kimoja tu kimeshika. Halikukamuliwa. Maji yalimwagika chini, na mtoto alikuwa amesimama katikati ya dimbwi kwa miguu mitupu, gauni la kulalia limelowa mbele kwa kulibeba. Alipomwona shangazi hakujificha.

"Umekojoa?" shangazi aliuliza, ingawa alijua.

"Hapana."

"Sasa mbona hivi, mwanangu?"

Mtoto alikuwa akijaribu kukifikia kibanio cha pili kwa ncha za vidole. Aliongea bila kugeuka.

"Si alisema nikiacha ndiyo atakuja?"

"Alisema."

"Basi bado sijaacha."

Shangazi alitaka kumwambia maneno mengi. Alitaka kumwambia kwamba kosa si lake, kwamba watu wazima huahidi kwa wepesi kuliko wanavyobeba, kwamba hapa ndipo kwao na hatatoka kwa sababu ya shuka wala kitu chochote. Aliona kwamba yote ni ya kweli na kwamba hakuna hata moja ambalo mtoto analihitaji saa hii. Mbinu yenyewe mtoto alikuwa amejifunza kwake. Akasogea ndani ya dimbwi naye kwa miguu mitupu.

Alishika pembe iliyokuwa ikiburuza. Mtoto akashika ya pili. Wakalikamua pamoja, kila mmoja akisokota upande wake kama walivyozoea, wakalining'iniza sawasawa, na shangazi akabana vibanio vyote viwili. Alimwambia siku atakayotaka waliondoe, amwambie, na si lazima iwe kesho. Mtoto akasema haya.

Gari la mikate lilitokea kwenye kona. Lilikuja kwa mwendo wa siku zile za mwisho, macho ya dereva mbele. Lilipofika usawa wa duka la viatu, dereva aliinua shingo kwa mazoea ya zamani, akaona. Gari likapunguza mwendo karibu kusimama. Akapiga honi mara mbili, nyepesi, ya mtu mwenye moyo mkunjufu, kisha akaenda kusambaza mikate yake.

Mtoto alikuwa ameinua kidole, amesikiliza mpaka mwisho.

"Leo kapiga," alisema, akageuka kuona kama shangazi naye amesikia.

Shangazi akamwambia amesikia.